Mchumba wako Mfilipino: kazi iko Manila, Dar ni rahisi

Swali: *Mimi ni Mtanzania, fundi viyoyozi hapa Doha, nina miaka 34. Mchumba wangu ni Mfilipino, tulijuana hapahapa alipokuwa akifanya kazi hotelini. Mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao Iloilo, na sasa ameajiriwa kwenye duka la dawa. Mwezi wa Desemba nataka aje Tanga wiki tatu awaone wazazi wangu. Nauli na gharama zote nalipa mimi. Shoga zake wanamtisha kwamba uhamiaji wa kwao watamrudisha uwanjani. Mmoja kamshauri aseme anakwenda kutalii peke yake, asinitaje kabisa. Je, ni kweli anaweza kurudishwa? Viza ya kwetu ataipataje? Na hilo la kutonitaja unalionaje?*

Jibu: Mdogo wangu, naanza na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo litakaloharibu mengine yote. Asikufiche.

Nilipokuwa nikifanya kazi za viza Deira, Dubai, alikuja kijana mmoja wa Mombasa mwenye shida kama yako. Yeye na mchumba wake walikubaliana binti aseme anakwenda kutembea tu, hana amjuaye huko aendako. Dirishani kwa uhamiaji akaulizwa tiketi kailipa nani. Akasema mwenyewe. Akaulizwa mshahara wake kwa mwezi, akautaja, na nauli ilikuwa zaidi ya mara tatu ya mshahara huo. Akaombwa aonyeshe risiti ya malipo. Risiti ilikuwa na jina la kadi ya benki ya yule kijana, jina la Kipwani la baba na babu, halina cha kujificha. Kuanzia hapo hata alipoanza kusema kweli hakuna aliyemsikiliza, na ndege ikaondoka bila yeye. Kosa halikuwa kuwa na mchumba Mwafrika, wala kulipiwa nauli. Lilikuwa lile neno moja la uongo, ambalo mbele ya ofisa wa uhamiaji linafanana kabisa na uongo ambao wasafirisha binadamu huwafundisha wasichana kuusema.

Ukishalielewa hilo umeielewa Manila nzima. Sisi tumezoea kwamba kutoka nchini kwako ni rahisi na kazi iko kwenye kuingia kwa watu. Kwa Mfilipino ni kinyume. Nchi yake imepeleka watu wake kufanya kazi kila pembe ya dunia, na imewaona wengi wakiondoka kama watalii kisha wakaishia jikoni kwa watu bila mkataba, au kwenye majengo ya matapeli wa mtandaoni kule Myanmar na Kambodia. Ndiyo maana wakatunga sheria dhidi ya biashara ya kusafirisha binadamu mwaka 2003, wakaipa meno zaidi mwaka 2012 na tena 2022, na maofisa wa uhamiaji wakapewa jukumu la kumchuja msafiri *kabla* hajatoka. Kumzuia msafiri kunaitwa rasmi kuahirisha safari. Watu wenyewe wana neno lao, "na-offload", na msichana wa Kifilipino akikwambia hivyo ujue kashushwa kama mzigo.

Kwa hiyo shoga zake hawamtishi bure. Mwaka 2022 Wafilipino 32,404 walizuiwa kuondoka. Katika hao, waliothibitika kuwa wahanga wa usafirishaji au wa mawakala haramu wa ajira walikuwa 472, yaani hawafiki wawili katika kila mia. Wengine 873 walikutwa na maelezo au karatasi za uongo. Waliobaki, wengi mno, walikuwa watu ambao ofisa hakuridhika nao tu. Mapema 2023 nchi nzima ilichachamaa baada ya dada mmoja kusimulia jinsi alivyokuwa akienda Israel akaulizwa kama kabeba kitabu cha picha cha mahafali yake ya shule, na ndege ikamwacha huku akihojiwa. Agosti mwaka huohuo serikali ikatangaza masharti mapya yenye karatasi nyingi zaidi, yaanze Septemba 3. Maseneta wakapiga kelele, yakasitishwa kabla hayajaanza. Kwa hiyo mwongozo wa kuutazama ni ule wa mwaka 2015, na ndani yake yumo mtu wa aina ya mchumba wako.

Kwa mujibu wa mwongozo ule, kila msafiri hupita dirisha la kwanza na pasipoti yenye uhai wa angalau miezi sita, viza kama inahitajika, na tiketi ya kwenda na kurudi. Ofisa akiona jambo lisilokaa sawa, anampeleka ukaguzi wa pili, pembeni, kwenye fomu na maswali marefu. Miongoni mwa wanaopelekwa huko ni anayelipiwa safari na mtu asiye ndugu yake, na anayekwenda kwa mpenzi wa kigeni kuonana naye au kuolewa bila cheti cha ushauri nasaha. Cheti hicho nitakirudia. Kwa sasa jua kwamba ukaguzi wa pili si hukumu. Wengi huingia na kutoka wakaenda zao. Ila mchumba wako ajiandae akijua ataingia huko, asiombe Mungu tu apite.

Sasa tazama safari yako kwa macho ya yule ofisa, ambaye ana dakika chache na foleni nyuma. Msichana amewahi kufanya kazi Doha. Mkataba umekwisha. Leo anatoka kama mtalii, tiketi kalipiwa na mwanamume anayeishi Doha, na ndege yenyewe, nina hakika umeshaiangalia kwa sababu ndiyo inayokufaa wewe, ni ya Manila, Doha, Dar es Salaam. Unadhani atafikiri nini? Atafikiri atashukia Doha aingie kazini kwa mlango wa nyuma, asionekane na idara yao ya wafanyakazi wa nje, na Tanga ni jina la kufunikia tu. Hajawahi hata kuisikia. Hili la njia watu wengi hawalioni, wanashangaa kwa nini maswali yalikuwa makali wakati karatasi zote zilikuwapo.

Sikwambii usipite Doha. Unaweza kupanda naye hapo mkaenda pamoja hadi Dar, na akikaa ndani ya uwanja akiwa na tiketi moja iliyounganishwa hahitaji viza ya Qatar. Lakini lazima awe na majibu: viza ya Tanzania mkononi, tiketi inayoonyesha anaendelea Dar baada ya saa chache, na awe tayari kusema kwa utulivu kwamba kibali chake cha ukaazi Qatar kilifutwa na hana nia ya kukirudia safari hii. Ukiona hilo ni zito, Ethiopian Airlines nayo inaruka kutoka Manila na kuunganisha Addis Ababa. Mtakutana Dar, na lile swali la Doha litapungua makali. Angalia tu muda wa kusubiri Addis, nitakwambia kwa nini.

Ukiniuliza mimi ningefanyaje kwa pesa zangu, ningeanza kwenda mimi kwao.

Mwenye pasipoti ya Tanzania anaingia Ufilipino siku 30 bila viza. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi vilevile. Unahitaji pasipoti yenye miezi sita mbele, tiketi ya kutoka, na kujisajili kwenye mfumo wao wa eTravel ndani ya saa 72 kabla ya kufika. Ni bure. Tovuti inayokudai hela si ya serikali, ifunge. Chukua likizo yako ya Doha, hakikisha kitambulisho chako cha ukaazi hakikaribii kuisha, nenda Iloilo. Utaona wazee wao wanasalimiwa kwa mdogo kuuchukua mkono wa mkubwa na kuugusisha kwenye paji la uso. Mtoto wa Tanga aliyelelewa na shikamoo hatafundishwa mara mbili. Beba zawadi, tende za Doha zinatosha, maana kufika mikono mitupu kwao ni aibu kama kwetu. Piga picha na wazazi wake, mezani kwao. Muhuri wa kuingia Ufilipino kwenye pasipoti yako, na picha hizo, ni ushahidi ambao hakuna barua ya mwaliko inayoufikia: yeye si msichana aliyeokotwa mtandaoni na mtu asiyemjua, ni mtu ambaye mchumba wake alikuja akala wali kwao.

Kisha, likizo yako ikiruhusu, ondokeni pamoja. Uwepo wako hauondoi ukaguzi. Mgeni anayeongozana na Mfilipino asiye mkewe naye anaangaliwa. Lakini ofisa akitaka kuthibitisha neno, uko hapo. Mkihojiwa kila mmoja peke yake mtaulizwa mlikutana lini, anaitwaje mama yake, mnafikia wapi. Wanaojuana kweli hujibu haya bila kufanya mazoezi, na usimkaririshe majibu kama kasuku, maana jibu la kukariri wanalijua.

Kama nauli mbili zinakushinda, kuna njia ya katikati. Malaysia na Singapore zinampokea Mfilipino bila viza, na Mtanzania pia. Wiki moja ya kukutana huko inamwachia mihuri ya kwenda na kurudi kwa wakati. Kwa mtu ambaye safari zake zote za nje zilikuwa za kazi, muhuri wa kitalii una uzito wake. Si lazima, ila unasaidia.

Karatasi zake sasa. Nitataja za maana, usimbebeshe faili la kilo tatu. Barua ya ajira ya duka la dawa inayotaja cheo, mshahara na tarehe ya kurudi kazini, pamoja na kibali cha likizo chenye sahihi ya mwajiri. Hiyo ndiyo karatasi namba moja, kwa sababu inajibu swali lililo nyuma ya maswali yote: *utarudi?* Taarifa ya benki yake, hata kama ina kidogo, maadamu inalingana na mshahara uliotajwa. Usimrushie peso laki moja siku tatu kabla ya safari, fedha ya ghafla inaonekana na inauliza maswali yake. Afadhali akiba ndogo ya kweli, na barua yako inayosema wazi kwamba gharama ni zako.

Barua hiyo iandike wewe mwenyewe kwa Kiingereza chepesi: wewe ni nani, mlijuana lini na wapi, anakuja tarehe gani hadi gani, atalala wapi, nani analipa. Ambatisha nakala ya pasipoti yako, kitambulisho cha Qatar, hati za mshahara za miezi michache, na tiketi yako mwenyewe ya kwenda Dar tarehe zilezile. Ukiweza, iapie mbele ya ofisa wa ubalozi wa Ufilipino hapo Doha. Usidanganyike kwamba kiapo ni kinga. Mwongozo wao unatambua hasa udhamini wa ndugu wa damu au wa ndoa hadi daraja la nne, na wewe bado hujawa ndugu. Lakini mtu aliyeweka jina lake kwenye kiapo ameonyesha kwamba hajifichi, na hilo linasomeka.

Kuhusu kile cheti cha ushauri nasaha. Kinatolewa na Tume ya Wafilipino walio Ng'ambo baada ya semina kwa wachumba na wake wa wageni, hasa wale wanaohama au wanaokwenda kuolewa. Wao wana historia chungu ya wasichana kuuzwa kwa katalogi kama bidhaa, na wana sheria dhidi ya biashara hiyo tangu 1990, iliyoandikwa upya 2016. Kwa matembezi ya wiki tatu ya kuwaona wazazi na kurudi kazini, safari yake ni ya kitalii, lakini kwa kuwa mwongozo unataja pia kuonana na mpenzi, aiulize Tume mapema kama cheti hicho kinamhusu. Akisema "nakwenda kuolewa", kitadaiwa papo hapo.

Na hapa nakuonya wewe zaidi kuliko yeye. Nawajua wazee wa Tanga. Wakimwona binti ana adabu, kaamkia vizuri, kala ugali na dagaa bila kukunja uso, ifikapo Alhamisi mtu atasema kwa nini tusimalize jambo hili kesho baada ya swala. Kataa. Kwanza, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana siku 21 kabla, na wiki tatu zako hizo zimekwisha. Pili, ataondoka kwao akiwa mtalii asiyeolewa na kurudi akiwa mke wa mtu, na safari ijayo maelezo yake yote ya mara ya kwanza yataonekana yalikuwa hadithi. Ndoa ikija, ije na taratibu zake. Ikifungwa Tanzania, iandikishwe ubalozi wa Ufilipino Nairobi, ambao ndio unaohudumia na Tanzania. Ikifungwa kwao, utadaiwa cheti kutoka serikali yako kwamba huna kizuizi cha kuoa, na yeye cheti kwamba hajaolewa.

Hicho cha pili muulizeni mapema, kwa upole. Ufilipino haina talaka kwa raia wake wasio Waislamu. Mtu aliyeachana na mumewe miaka kumi iliyopita anaweza kuwa bado mke halali kwenye vitabu vya serikali, na kule ugoni ni kosa la jinai, si maneno ya mtaani. Pengine hili halimhusu mchumba wako hata kidogo. Nimeona likiwahusu wengine siku ambayo sare zilishashonwa.

Upande wa kwetu ni mfupi. Mfilipino anahitaji viza ya Tanzania. Aombe ya kawaida kwenye tovuti ya Uhamiaji, dola 50, inampa hadi siku 90. Inawezekana kuilipia akifika, lakini kwa safari hii usifanye hivyo hata kidogo. Ofisa wa Manila na karani wa shirika la ndege wanataka kuiona imechapishwa, na neno "nitalipia nikifika" ni kuni kwenye moto. Aombe wiki nne au tano kabla. Sehemu ya mwenyeji aandike jina na anwani ya wazazi wako Tanga, zilezile zilizo kwenye barua yako. Mkitaka kuvuka kwenda Zanzibar, na najua mtataka, tangu Oktoba 2024 kila mgeni anapaswa kuwa na bima ya Zanzibar yenyewe, dola 44, hata kama ana bima nyingine.

Addis nilisema nitaieleza. Ufilipino si nchi ya homa ya manjano, kwa hiyo akitoka huko moja kwa moja kadi ya chanjo haimhusu. Lakini akisubiri Ethiopia zaidi ya saa 12, anahesabika katoka kwenye nchi ya homa hiyo, na Tanzania itamdai kadi. Ama chagua ndege yenye muda mfupi, ama achanjwe siku kumi kabla. Na wewe ukitaka kwenda Iloilo baada ya kupita Kenya au Ethiopia, chukua kadi yako.

Jambo jingine la Ghuba ambalo hukuniuliza. Umoja wa Falme za Kiarabu ulilegeza sheria ya wasiooana kuishi pamoja mwaka 2020. Qatar na Oman hazijafanya hivyo. Msijaribu kukatisha safari Doha mlale hoteli moja "siku mbili tu". Nisamehe kwa kulisema waziwazi, lakini kesi ya namna hiyo inamaliza kazi yako na ukaazi wako kwa pigo moja.

Siku yenyewe, ndege ya kutoka Iloilo imfikishe Manila na muda wa kupumua, ikiwezekana alale huko usiku mmoja. Awe uwanjani angalau saa nne kabla. Ajaze eTravel ya kuondoka, alipe kodi ya safari. Zamani akiwa mfanyakazi wa nje alisamehewa, kama mtalii hasamehewi, na kwa miaka mingi imekuwa peso 1,620 kwa daraja la kawaida. Simu iwe na chaji, na mazungumzo yenu yasifutwe. Watu hufuta kwa woga, kisha simu tupu ya wachumba wa miaka miwili inaonekana ya ajabu kuliko chochote kilichokuwa ndani.

Wakimzuia, asilie dirishani wala asigombane. Aulize sababu ni nini na karatasi gani imepungua, aiandike, aombe nakala ya fomu yoyote aliyosaini. Kuahirishwa si kufungiwa. Anaweza kurudi na karatasi hiyo hata wiki hiyohiyo, ila safari ijayo wataona alama kwenye pasipoti na kumbukumbu yao, na aseme yaleyale aliyosema mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo nunua tiketi inayobadilishika tarehe, hata kama imezidi dola mia. Hiyo mia ndiyo bima yako halisi.

Manila iko mbele ya Doha na Dar kwa saa tano. Ndege ya usiku wa manane kwao ni saa moja jioni kwako, wakati pengine uko juu ya paa la mtu unafunga kompresa. Siku hiyo omba ruhusa, simu iwe mkononi. Na wapigie nyumbani Tanga mapema, kwa maana namba yao iko kwenye barua na inaweza kupigwa. Mama yako amjue kwa jina lake kamili la pasipoti, pamoja na la ukoo. Akiulizwa na mgeni kwa simu akajibu "ndiyo, namsubiri mkwe wangu, jina lake ngoja nimuulize baba yake", utakuwa umemponza mwenyewe.